Kiti Kikiwa Wazi

Baraza la Jiji la Nairobi lilikoma mwaka 2013. Tangu hapo wadi 85 hupeleka wajumbe wake katika Bunge la Kaunti. Huko mjumbe hasemi mpaka Spika amempa ruhusa.

Kwa amri ya Katiba ya mwaka 2010, mjumbe akosaye vikao 8 bila idhini ya Spika kwa maandishi, wala asiwe na sababu ya kuridhisha, hupoteza kiti. Ruhusa ya mdomo, hata mbele ya mashahidi, si idhini hiyo.

Wajumbe waliobaki hawana mamlaka ya kumteua mtu wao. Spika huiarifu Tume ya Uchaguzi, na wenye wadi hupiga kura tena. Mpaka siku hiyo wadi haina mjumbe wa kuisemea. Kiti maalum ni mbali: hupewa anayefuata, wa jinsia ile ile, katika orodha ya chama.