Zebaki: Hatari iko ziwani au nyuma ya jiko?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi kando ya ziwa mkoani Geita, nina mimba ya miezi mitano. Mume wangu ni mchimbaji mdogo, na dhahabu huichomea nyuma ya jiko. Maji ya ziwa tunachemsha, lakini watu wanasema yana zebaki. Nifanyeje? – Msomaji, Geita

JIBU: Marahaba mwanangu. Endelea kuchemsha, maana kipindupindu na homa ya matumbo bado vipo. Ila moto huua vijidudu tu. Madini kama risasi na arseniki hubaki sufuriani.

Ziwa Victoria hupoteza sehemu kubwa ya maji yake kwa jua. Yanayotoka Jinja kuingia Nile ni kidogo. Maji yakipanda kuwa mvuke, madini mengi hubaki, hujishika kwenye chembe za udongo na kutuama topeni. Kwa hiyo maji yenyewe huwa na zebaki kidogo sana. Huko topeni bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, nayo huingia kwa viumbe wadogo, kisha samaki wadogo, kisha sangara anayewala, ikizidi kila hatua. Usiache samaki, mtoto anawahitaji. Kula dagaa na sato. Sangara wakubwa wapunguze hadi umalize kunyonyesha.

Kinachonitia hofu hasa ni huko nyuma ya jiko. Dhahabu anayoichoma mumeo imenaswa kwa zebaki, na zebaki ikichomwa hutoa mvuke usio na harufu. Ukiuvuta, karibu asilimia 80 hubaki mwilini, hufika kwenye ubongo, hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mwambie baba watoto leo hii: uchomaji uhame nyumbani kabisa, na atumie retoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke huo. Nguo zake za kazi usizifue wewe. Sufuria iliyowahi kushika zebaki isipikiwe tena. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Tanzania imeuridhia, unataka uchomaji wa aina hii ukomeshwe kwenye makazi ya watu.

Maji ya kunywa, kinga ya mvua kwenye paa lililo mbali na panapochomewa, ukimwaga yale ya mwanzo. Kisima kirefu kipimwe arseniki kwanza, kwa kuwa miamba ya ukanda huu wa dhahabu huwa nayo.

Kliniki, mweleze muuguzi habari ya uchomaji huo bila kuficha. Na mumeo akianza kutetemeka mikono, kukosa usingizi au kuvimba fizi, aende hospitali siku hiyohiyo.