Samadi ya kuku yaunguza mchicha wangu

SWALI: Naishi Malindi, kwenye ua mdogo wa mchanga. Nina kuku wachache wa kienyeji, na mchicha na sukuma wiki niliyopanda kwenye magunia. Kila nikitia samadi ya kuku, majani huwa manjano na kunyauka. Nifanyeje?

JIBU: Samadi mbichi ya kuku ina nitrojeni nyingi na chumvi, huunguza mizizi. Ichanganye na majani makavu au maranda, irundike kivulini, inyunyizie maji na uigeuze kila wiki. Baada ya miezi 2 hadi 3, ikishapoa na kuisha harufu kali, changanya debe 1 na madebe 3 ya udongo.

Mchanga wa Pwani haushiki maji, kwa hivyo tandaza makumbi ya nazi juu ya gunia na umwagilie asubuhi na jioni. Kisima kikiwa cha maji ya chumvi, tumia ya mvua au ya mfereji.

Kuku wazuie kwa wavu wasifikie mboga, lakini wape majani makuukuu ya sukuma.