Kununua motokari iliyotumika: tutazame nini mbele ya kulipa?



Hapa Bukavu motokari nyingi zinazouzwa zimekwisha kutumika mahali pengine. Mwaka jana baba ya mwenzetu mmoja aliuza ngombe tatu, akanunua moja ya namna hiyo ili ifanye taksi na kulipa minerval ya watoto. Rangi yake iling'aa sana. Alipofika kuitazama, motere ilikuwa inazunguka tayari, naye akafurahi. Nyuma ya wiki mbili ikakufa barabarani. Sasa iko tu ndani ya parsele, na mwenzetu alikawia kurudi masomoni. Sisi wa mekanika tukajiuliza: alama gani zingaliweza kumwonya? Tunawapa hapa mambo matano.

1. Karatasi. Soma namba ya shasi iliyopigwa katika chuma, uilinganishe na ile ya carte rose. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, ama chuma kikiwa kimekwanguliwa, rudi nyumbani na feza yako. Motokari ya wizi inaweza kutwaliwa, na feza uliyolipa hairudi.

2. Motere baridi. Hili ndilo jambo kubwa. Fika asubuhi, uweke mkono juu ya kapo. Ikiwa na moto, uliza sababu. Motere mbovu inaonyesha ugonjwa wake ikiwa baridi: inawaka kwa shida, inatoa moshi, vyuma vinagongana. Ikisha kupata moto, inaweza kunyamaza. Kisha toa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta meusi si ajabu. Lakini yakifanana na kahawa ya maziwa, maji yameingia ndani, na mara nyingi ni joint ya kulasi iliyoungua. Fungua radiateri pia, lakini motere ikiwa baridi tu, maana maji ya moto yatakuruka usoni. Ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, ni ugonjwa uleule. Ndio uliomshinda baba ya mwenzetu: kile kijiti hakukigusa hata kidogo.

3. Moshi. Ukiwa wa buluu, motere inakula mafuta yake. Ukiwa mweusi, esanse ama mazutu inazidi hewa. Mweupe kidogo asubuhi ni mvuke tu. Lakini ukiendelea kuwa mzito wakati motere imepata moto, maji yanaingia mahali pa kuungulia.

4. Mipira. Usitazame meno tu. Ubavuni, kwenye herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira mzee unaweza kupasuka hata meno yake yakiwa mazuri. Ukiwa umelika upande mmoja, magurudumu hayakai sawasawa.

5. Freni. Kwetu milimani hii ni kufa na kupona. Ziwa Kivu liko karibu metre 1460 juu ya bahari, na Tanganyika karibu 770. Basi mwenye kwenda Uvira kwa barabara ya Ngomo anashuka karibu metre 700. Motere ikizunguka, kanyaga pedali kwa nguvu, uishike hivyo nusu dakika. Ikizama polepole, maji ya freni yanavuja ama pompe yake imechakaa. Kisha simamisha motokari mteremkoni kwa freni ya mkono peke yake, uone kama itakaa.

Tuongeze neno moja. Kilometraji watu wanairudisha nyuma. Pedali zilizochakaa na kiti kilichobonyea haziwezi kurudishwa. Tena, uende na fundi unayemlipa wewe mwenyewe, si yule aliyeletwa na mwenye kuuza. Malipo yake ni madogo kuliko ngombe tatu.

Maswali ya kujipima:
a) Kwa nini tunafika asubuhi?
b) Mpira wenye 4117 ulitengenezwa lini?
c) Mwenye kuuza anasema: «Lipa leo, kuna mwingine anaitaka.» Utamjibu namna gani?

Majibu mlete kwetu, kwenye atelie ya mekanika.