Soma Lebo, Piga Hesabu, Kisha Chomeka

Katika nyumba nyingi, soketi moja ya ukutani huhudumia vifaa vinne au vitano kwa njia ya ekstensheni. Matundu matano humwonyesha mtumiaji mahali pa kuchomeka, lakini hayamwelezi waya unaweza kubeba mzigo kiasi gani. Jambo hilo hujulikana kwa hesabu, tena hesabu ndogo ya kuzidisha na kugawanya. Katika somo hili tunaieleza hatua kwa hatua, kwa kuwa anayeijua anaweza kuiepusha nyumba yake na moto.

Maneno manne ya msingi

Volteji ni msukumo unaoupeleka umeme katika waya. Hupimwa kwa volti. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230.

Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita katika waya kwa kila sekunde; hupimwa kwa ampea.

Ukinzani ni kiwango ambacho waya au kifaa huuzuia mkondo usipite kwa urahisi. Hupimwa kwa omu.

Nguvu ni kasi ya kifaa kutumia nishati. Hupimwa kwa wati.

Kanuni zake

Nguvu = volteji × mkondo
Mkondo = nguvu ÷ volteji
Ukinzani = volteji ÷ mkondo

Tuchukue pasi ambayo lebo yake inaonyesha wati 1,200. Mkondo wake ni 1,200 ÷ 230, yaani ampea 5.2 hivi. Ukinzani wake ni 230 ÷ 5.2, yaani omu 44 hivi. Pasi hiyo ikiwaka mfululizo kwa saa nzima, hutumia uniti 1.2, kwa sababu uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja.

Mzigo wa ekstensheni

Sasa tuseme ni asubuhi, na kila mtu ana haraka. Katika ekstensheni moja imechomekwa pasi ya wati 1,200, birika la umeme la wati 2,000 na jiko la sahani moja la wati 1,500. Jumla ni wati 4,700. Tukigawanya kwa 230, tunapata ampea 20.4.

Ekstensheni iliyoandikwa ampea 13 haipaswi kubebeshwa zaidi ya 230 × 13, yaani wati 2,990. Iliyoandikwa ampea 10 inaishia wati 2,300. Familia hiyo, basi, imeipita mipaka yote miwili kwa mbali, ingawa matundu mengine bado yako wazi.

Kwa nini waya hupata moto

Waya nao una ukinzani, japo mdogo. Joto linalozalishwa ndani yake hupatikana hivi:

Joto (kwa wati) = mkondo × mkondo × ukinzani

Waya wenye ukinzani wa omu 0.3 ukipitisha ampea 10, huzalisha wati 30 za joto. Ukipitisha ampea 20, huzalisha wati 120. Mkondo umeongezeka mara mbili, lakini joto limeongezeka mara nne. Hatari huwa kubwa zaidi pale waya ulipo mwembamba, plagi ilipolegea, au waya ulipokunjwa au kufunikwa kwa zulia, kwani joto hukosa pa kutokea.

Mtumiaji asidhani kwamba fyuzi itamwokoa papo hapo. Fyuzi ya ampea 13 inaweza kupitisha ampea 20 kwa muda mrefu kabla ya kukatika, na wakati wote huo waya unazidi kupata joto. Kuibadilisha fyuzi kwa kipande cha waya ni kuondoa kinga ya mwisho iliyobaki.

Tunashauri

1. Kabla ya kununua ekstensheni, soma kiwango cha ampea na uangalie alama ya ubora ya TBS. Isiyo na maandishi yoyote usiinunue, hata kama bei yake inavutia. Dai risiti na uitunze.
2. Vifaa vya kuzalisha joto, kama pasi, birika na jiko, vitumiwe kimoja baada ya kingine.
3. Friji na pampu zichomekwe moja kwa moja ukutani, kwa kuwa mota huvuta mkondo mkubwa zaidi inapoanza kuzunguka.
4. Plagi ikiwa ya moto, ikibadilika rangi au kutoa harufu ya plastiki inayoungua, zima umeme kwanza, kisha umwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Jipime

Ekstensheni yako ni ya ampea 10. Umechomeka televisheni ya wati 100, feni ya wati 60 na birika la wati 1,800. Je, ni salama? Ukiongeza pasi ya wati 1,200, je?

*Jibu:* Mwanzoni jumla ni wati 1,960, sawa na ampea 8.5, mzigo haujapita kiwango. Ukiongeza pasi, jumla inakuwa wati 3,160, sawa na ampea 13.7, mzigo umezidi. Subiri maji yachemke, chomoa birika, ndipo uchomeke pasi.