SOMO: KAMBA IMESHIKA WAPI?



Wengi wetu tumekwisha kushushwa kwa kamba kusafisha kisima, kukwangua tangi la molasi au kuzibua shimo la maji machafu kiwandani. Kabla ya kushuka tunaivuta kamba mara mbili, tunaridhika. Somo letu linahusu tusichokitazama: pale juu kamba iliposhika, na vyuma vidogo vinavyoiunga.

Mwaka 1952, katika milima ya Pyrénées kwenye mpaka wa Ufaransa na Hispania, wachunguzi wa mapango walishuka katika shimo la Pierre-Saint-Martin, lenye kina cha zaidi ya mita 300 wima. Waliteremshwa mmoja mmoja kwa winchi na waya wa chuma. Mmoja wao, Marcel Loubens, alipomaliza kazi yake chini akaanza kuvutwa juu. Alikuwa amepanda mita chache tu, kibano kilichounga waya na mikanda yake kikaachia. Akaanguka juu ya mawe. Daktari aliteremshwa kumfuata, lakini Loubens alifariki baada ya siku moja na nusu hivi. Mwili wake ulitolewa mwaka 1954.

Waya haukukatika. Winchi haikuvunjika. Kilichoua ni kitu cha kushika kiganjani.

Vibano vya waya tunavyo hata sisi, vile vya nati mbili, na mara nyingi tunaviona vimefungwa kinyume. Kibano kina chuma kilichopinda na kina kitako. Kitako kikae juu ya waya mrefu unaobeba mzigo; chuma kilichopinda kibane ile ncha fupi iliyorudishwa. Ukigeuza, chuma kinauponda waya wenyewe unaobeba. Kibano kimoja hakitoshi: viwe vitatu au zaidi kwa kadiri ya unene wa waya, vyote upande mmoja. Waya ukishapokea mzigo mara ya kwanza hukonda kidogo, kwa hiyo nati zikazwe tena.

Sasa shikizo, yaani mahali kamba inapofungwa. Katika shamba moja tulikuta kamba ya kumshushia mtu kisimani imefungwa kwenye mguu wa pampu, na boliti za pampu zimeliwa na kutu. Tulipoisukuma kwa mguu ilicheza. Mtu alikuwa amekwisha kushuka nayo siku tatu!

Ukigawa mzigo kwenye mashikizo mawili, usiyatanue mno. Kamba mbili zikiachana nyuzi 60, mtu wa kilo 80 huvuta kila moja kwa kilo 46 hivi. Zikiachana nyuzi 120, kila moja inabeba kilo 80 nzima, na faida ya kugawa imekwisha. Kamba ya pili ya usalama ifungwe kwenye shikizo lake yenyewe. Ikifungwa kwenye boriti ile ile, boriti ikitoka zote mbili zinakufuata shimoni.

Wasimamizi watasema kazi inachelewa. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi aliyeondoka kazini kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha yake yamo hatarini. Viongozi wa matawi waulize kama nchi yao imeuridhia. Lakini kutazama shikizo kwa macho yako kabla ya kuvaa mkanda hakungoji mkataba.

Hewa mbaya ya mashimoni huua hata penye kamba nzima. Hilo ni somo la peke yake.