Kifaranga Mdogo na Nyama ya Wiki ya Sita

Vikundi vingi vya kuku wa nyama hulalamika wakati wa kuuza: kuku wana wiki sita, chakula wamepewa, mbona hoteli inawakataa ati ni wadogo? Turudi nyuma kidogo, hadi siku ile boksi la vifaranga lilipofika.

Kifaranga wa siku moja huwa na gramu 40 hivi, kama theluthi mbili ya uzito wa yai alimotoka. Kuku mama aliyeanza kutaga juzi hutaga mayai madogo, na vifaranga wake huwa wadogo. Hao si wagonjwa. Shida ni kwamba wakichanganywa na wakubwa husukumwa kwenye chakula na maji, na ile tofauti ya gramu chache huweza kuwa makumi ya gramu siku ya kuchinja. Tuseme kila kuku apungukiwe na gramu 50. Kwa kuku 100 hizo ni kilo 5, na mkopo wa kikundi bado wadai. Tena kuku wa kilo 2 akishachinjwa na kusafishwa hubaki kilo 1.4 au 1.5 tu.

Basi tupime. Pimeni boksi likiwa na vifaranga, kisha boksi tupu, mtoe, mgawanye kwa idadi yao. Vifaranga 100 wakiwa kilo 4.2, kila mmoja ni gramu 42. Walio wadogo sana watengeni, wawe na joto lao na vyombo vyao.

Lakini kulaumu muuza vifaranga na kuishia hapo hakufai. Sisi twaona wiki ya kwanza ina nguvu zaidi: mdogo aliyetunzwa huweza kumpita mkubwa aliyepigwa na baridi. Wapeni joto la digrii 32 hadi 34, maranda makavu, maji safi, na chakula juu ya karatasi. Hamna kipimajoto? Wakirundikana karibu na jiko, wana baridi. Wakikimbilia ukutani wakihema, joto limezidi. (Jiko la makaa lataka nafasi ya hewa, si kuziba kila tundu.) Usiku wapapaseni kadhaa gole, kile kifuko cha shingoni. Likiwa limejaa na ni laini, wamekula na kunywa. Likiwa gumu, maji hawajapata.

Siku ya saba pimeni tena. Kifaranga atakiwa awe kama mara nne ya uzito wa kwanza. Yule wa gramu 42 akaribie 170. Mkimkuta na 120, tafuteni sababu siku hiyo hiyo, kabla ya kununua gunia lingine la chakula.