Kivugo, Pumzi na Ukelele: Lord Spikeheart katika Mizani ya Fasihi Simulizi

1.0 Utangulizi

Isingiro ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ukivuka Mto Kagera pale Murongo unaikuta Isingiro nyingine, ya upande wa Uganda, iliyokuwa sehemu ya Ankole. Wasemaji wa Kinyambo cha Karagwe na wa Kinyankore cha ng'ambo huelewana bila mkalimani, na utamaduni wao wa kusifu na kujisifu haukuwahi kukatwa kabisa na mpaka uliochorwa na wakoloni. Sanaa ya mtu kujigamba mbele ya hadhira kwa maneno yaliyopangwa huitwa ekyevugo katika Kinyankore, na ekyebugo katika Kihaya. Mwanafunzi wa Kiswahili anaifahamu kwa jina la kivugo. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyochapishwa katika Mulika, aliiweka ndani ya maghani, chini ya sifo, jirani na tondozi.

Istilahi za fasihi ya Kiswahili zenye sura ya lugha za maziwa ya magharibi si nyingi. Kwa kuwa hii tunayo, inafaa tuulize kama bado ina kazi ya kufanya nje ya ngome ya kifalme na nje ya mkuki. Makala haya yanaipima kwa msanii mmoja ambaye, kwa mtazamo wa kwanza, yuko mbali nayo kabisa: Martin Khanja wa Kenya, ajulikanaye kwa jina la kisanii Lord Spikeheart, mchanaji na mpiga ukelele wa muziki unaoitwa trapu-metali. Hoja yetu ni kwamba kazi yake inaingia katika kivugo kwa mlango wa pumzi, na inashindwa kuingia kwa mlango wa ushahidi. Jambo hili si la kujifurahisha tu. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika juu ya muziki wa aina hii huambiwa upesi kwamba maneno yake hayasikiki, na kwamba pasipo maneno hakuna fasihi.

2.0 Juu ya jina la muziki wenyewe

Trapu ni tawi la rapu lililokulia Atlanta, Marekani. Albamu ya T.I. iitwayo Trap Muzik, ya mwaka 2003, ilisaidia kulieneza jina hilo. Alama zake ni besi nzito ya mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyoanza kuuzwa mwaka 1980, na matoazi ya kielektroniki yanayokimbia kwa kasi juu ya mdundo wa polepole. Metali ina nasaba nyingine. Ilizaliwa katika mji wa viwanda wa Birmingham, Uingereza, na albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilitoka mwaka 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha mabati, ajali iliyomlazimu kulegeza nyuzi za gitaa lake na hivyo kuchangia uzito wa sauti ya kundi hilo. Katikati ya miaka ya 2010 vijana wa Marekani na Uingereza, kama Ghostemane na Scarlxrd, walizioanisha nasaba hizo mbili: mdundo wa trapu, koo la metali.

(Mtu wa Karagwe angeweza kusema hapa kwamba chuma si kigeni kwake. Hazina ya wafalme wa Karagwe ilikuwa na sanamu za ng'ombe za chuma, na mapokeo humkumbuka Mukama Ndagara kwa uhunzi. Ni kweli, lakini mfanano wa neno si hoja, nasi tutauacha hapo.)

Hoja tunaipata katika neno la Kiswahili lenyewe. Rapu ilipoingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1980, na kaseti ya Saleh J ilipotoka mwaka 1991, watu waliuita muziki huo muziki wa kufokafoka. Neno bongofleva lilikuja baadaye na likalifunika. Kufoka ni kuchemka hata kumwagika, na pia kusema kwa hasira na sauti kubwa. Waliolibuni jina hilo hawakuutambulisha muziki kwa vina vyake wala kwa ujumbe wake. Waliutambulisha kwa hali ya sauti inayotoka kinywani kama maji yanayotoka chunguni. Kwa hiyo msemaji wa kawaida wa Kiswahili alikwisha kuona kwamba katika sanaa hii namna ya kutoa sauti ni sehemu ya fani yenyewe.

3.0 Maisha na kazi

Khanja alitokea katika jamii ndogo ya wapenzi wa metali ya Nairobi, jamii iliyotoa bendi kama Murfy's fLaw na Last Year's Tragedy. Yeye aliimba katika bendi ya Lust of a Dying Breed. Mwenzake, Sam Karugu, alitoka bendi ya Seeds of Datura. Wawili hao waliunda Duma. Waliacha mpangilio wa kawaida wa bendi, wakaweka gitaa na mashine upande mmoja, na koo la Khanja upande wa pili. Albamu yao ya kwanza, iliyoitwa vilevile Duma, ilirekodiwa Kampala mwaka 2019 na kutolewa Agosti 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes, wakati ambapo majukwaa mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Ilipokewa vizuri sana na wahakiki wa muziki wa Ulaya na Marekani, pengine kuliko ilivyosikilizwa nyumbani.

Majina yanayoizunguka kazi hii yanastahili kutazamwa na mwanaisimu. Wasanii wenyewe walieleza kuwa duma linatokana na neno la Kigikuyu lenye maana ya giza. Msomaji wa Kiswahili anamwona kwanza mnyama mwenye mbio, na muziki wenyewe, kwa kasi yake, haumkatazi kumwona. Jina la lebo lina matata zaidi. Katika Kiganda, kama waasisi wa lebo walivyolieleza, nyege nyege ni hamu ya ghafla ya kucheza ambayo mtu hawezi kuizuia. Katika Kiswahili, neno nyege halisemwi mbele ya wakwe. Septemba 2022 tamasha la Nyege Nyege, ambalo hufanyika eneo la Jinja tangu mwaka 2015, lilijadiliwa katika Bunge la Uganda na kukaribia kupigwa marufuku kwa madai ya kupotosha maadili, kisha serikali ikaliruhusu kwa masharti. Hatudai kwamba homonimu hiyo ndiyo iliyoleta mzozo. Tunasema tu kwamba msanii wa Afrika Mashariki anafanya kazi mahali ambapo neno moja linavuka mpaka likiwa safi na kufika ng'ambo likiwa na aibu.

Mwaka 2021 Khanja alishiriki katika albamu ya Tewari ya Scotch Rolex, mtayarishaji kutoka Japani, pamoja na MC Yallah, mchanaji wa Kampala anayechanganya Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Baada ya Duma alishika njia yake peke yake, na Aprili 2024 alitoa The Adept kwa lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu, jina ambalo sikio la Kiswahili hulisikia kama hekalu. Miongoni mwa walioshirikishwa ni Backxwash, mchanaji mzaliwa wa Lusaka aishiye Kanada, aliyepata tuzo ya Polaris mwaka 2020. Humo ndimo trapu-metali inapojitokeza wazi zaidi katika kazi ya Khanja, kwa kuwa kasi ya Duma imepunguzwa na besi imepewa nafasi ya kutembea.

Albamu hiyo imefungamanishwa na jina la Muthoni wa Kirima, ambaye Khanja humtaja kuwa bibi mkuu katika ukoo wake. Muthoni alikuwa mwanamke aliyefikia cheo cha juu kabisa cha kijeshi katika Mau Mau. Alikaa msituni hadi uhuru wa mwaka 1963, akabaki na nywele zake za msituni kwa miongo mingi, zikakatwa hadharani Nyeri Aprili 2022, naye akafariki Septemba 2023.

4.0 Kivugo kama mizani

Henry Morris, aliyechapisha vivugo vya Wahima wa Ankole mwaka 1964, anatuonyesha fani yenye ukali wa pekee. Mwenye kivugo hughani mwenyewe, kwa kasi kubwa, na mstari hubebwa na pumzi moja. Mstari wenyewe hujengwa juu ya jina la sifa: mimi nisiyerudi nyuma, mimi niliyefanya hivi, mahali fulani, nikiwa na fulani. Lugha ni ya mafumbo na ya kale. Asiyejua tukio linalosemwa anaweza kusikia mstari mzima asipate ila mshindo wake.

Hilo la mwisho linatikisa pingamizi tuliyoitaja mwanzoni. Ikiwa kutosikika vizuri kwa maneno kunaiondoa sanaa katika fasihi, basi baadhi ya vivugo bora kabisa vitatoka pia. Mulokozi mwenyewe alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, lenye fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati, na katika uainishaji huohuo akaipa nafasi ngomezi, ambamo ngoma inasema pasipo kinywa cha mtu. Haitakuwa haki kulikubali ngoma na kulikataa koo.

Jina la Lord Spikeheart linakaa vizuri katika mizani hii. Ni jina la sifa, la bwana mwenye moyo wa mwiba. Pumzi nayo inakaa vizuri zaidi. Katika rekodi za Khanja ukelele huanza mahali pumzi inapoingia na kukoma mahali inapokwisha, na mdundo wa mashine, ambao hauchoki, unakuwa kipimo cha mwili unaochoka. Msikilizaji anapima ustahimilivu wa fanani, kama hadhira ya kivugo ilivyopima kama mwenye kujigamba atafika mwisho wa mstari bila kukatika.

Lakini hapo ndipo ufanani unapokoma, na tusijidanganye. Mwenye kivugo hutaja mahali na wenzake kwa sababu wanaomsikiliza walikuwapo. Akisema uongo kuhusu vita vya mahali fulani, yuko mtu katika hadhira atakayecheka. Jina lake amelipata kwa tendo. Jina la Spikeheart amejipa, na hadhira ya Berlin au ya Nairobi haina tukio la kuthibitisha isipokuwa lile linalotendeka mbele yake jukwaani. Kwa maoni yetu ndiyo sababu The Adept inamhitaji Muthoni. Ushujaa uliothibitishwa na mashahidi unapatikana kwake, nao unaletwa kutoka nje ya mashairi, kwa wakfu na kwa nasaba. Anayesifiwa si msemaji tena. Tukifuata istilahi zetu kwa ukali, albamu inahama kutoka kivugo kwenda upande wa tondozi, ingawa koo linalotumika ni lilelile la kivugo.

5.0 Suala la unukuzi

Linabaki tatizo la kazi. Unukuzi tuliouzoea huandika maneno na kuvunja mishororo kwa maana au kwa mizani ya silabi. Kwa Spikeheart unukuzi huo utatupa kurasa zenye mapengo, na kwa kivugo cha Karagwe utatupa shairi lililokwisha kupoa. Tunapendekeza mshororo uvunjwe pumzi inapoingia, urefu wake uandikwe kwa sekunde, na sauti isiyo neno ipewe alama yake badala ya nukta tatu. Kwa upande wa lugha msingi umekwisha kuwekwa, kwani Rugemalira alitoa kamusi ya Kinyambo mwaka 2002 na sarufi yake mwaka 2005. Mwanafunzi atakayekwenda Isingiro na kinasa sauti aanze na wazee wanaokumbuka vivugo, tena awarekodi wakiwa wamesimama, kwa kuwa mtu aliyeketi hughani kwa pumzi nyingine.